Kambi Tuliyoifuta kwa Hesabu

Katika daftari la vikao vya halmashauri yetu kuna uamuzi mmoja ambao mimi nami niliunyoshea mkono. Umeandikwa kwa mistari miwili: kutokana na hali ya fedha, kambi ya wanafunzi haitafanyika mwaka huu, na suala lake litaangaliwa tena hali itakapokuwa nzuri. Ajenda iliyofuata ilihusu mabati ya nyumba ya katekista, nayo ilituchukua muda mrefu zaidi. Tangu siku hiyo tumepata misimu ya nafuu, mabati yamepigwa, lakini suala la kambi halijaangaliwa tena na mtu yeyote.

Nataka kuuhoji uamuzi huo mbele ya Wakristo wenzangu, kwa sababu naona ulipita kama jambo la mweka hazina wakati lilikuwa jambo la imani. Sitaitaja mitaa iliyohusika wala wazee waliokaa katika kikao kile. Wengi wao ni watu waliojitoa kuliko mimi, na kosa ninalolisema ni langu sawasawa na lao.

Kwa wasioifahamu, kambi ile ilikuwa ya wanafunzi wa sekondari, siku tano katika likizo ya Juni. Mwaka mmoja ilifanyika chini, Masasi, mwaka wa pili ikapanda juu, Newala. Watoto wa Newala walishuka wakayaona majabali ya Masasi ambayo baba zao waliwasimulia, na watoto wa Masasi walipanda wakapelekwa ukingoni, Shimo la Mungu, wakasimama kimya wakitazama bonde la Ruvuma lilivyoanguka mbele yao. Walilala madarasani, wasichana upande wao na akina mama wa Umoja wakilala mlangoni. Asubuhi Misa, mchana mafundisho, jioni maswali. Sisi wazazi wa leo tuliipitia, na tulipoipitia tuliikuta ina umri tayari.

Sababu iliyotolewa ilikuwa korosho, na haikuwa uongo. Huku kwetu sadaka ni korosho kama vile ada ni korosho, na mahari, na mabati. Msimu wa 2017/2018 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na makanisa yote ya uwanda huu yalijua: harambee zilijaa, ahadi zikalipwa, watu wakatoa shukrani kwa bahasha zilizotuna. Msimu uliofuata ukaja mwingine. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei walizopewa mnadani, korosho zikakaa, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Magari ya jeshi yalikuja kweli. Lakini uhakiki ulichukua muda, na wakulima wengi walingojea malipo yao kwa miezi mingi. Padri akisoma ahadi kanisani katika kipindi kile, waumini walitazama chini. Asiyelima korosho hawezi kujua mkulima anavyojisikia anapokuwa na mali ghalani, yenye stakabadhi, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Kwa hiyo halmashauri iliposema hakuna fedha, fedha hazikuwepo. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza na swali ambalo hakuna aliyeliuliza: fedha za nini?

Nilirudi kuitazama bajeti ya kambi ya mwisho, nakala ninayo. Chakula hakikuwa mzigo mkubwa. Maji yalikuwa ghali, kwa maana kambi ilikuwa juu, na kila aliyeishi uwanda wa Makonde anajua kwamba huku maji yamekuwa taabu tangu enzi za bibi zetu waliokuwa wakishuka bondeni alfajiri na kupanda na mtungi jua likiwa limewaka. Maji tulinunua. Nauli pia zilikuwa nzito. Lakini mistari iliyokula fedha kuliko yote ilikuwa mingine: fulana zenye nembo kwa kila mshiriki, kukodi vyombo vya muziki na jenereta, mabango, na mapokezi ya mgeni rasmi pamoja na msafara wake. Mgeni rasmi alikaa saa mbili. Alizungumza vizuri, tulimpigia makofi, na chakula chake kiliandaliwa mezani na vitambaa wakati watoto walikula chini ya mkorosho.

Wakati wetu hapakuwa na fulana. Tulikuja na shuka, sahani, kikombe, na debe la mahindi au mihogo mikavu au mbaazi kwa watoto wa ndugu wawili watatu kwa pamoja. Sisemi hivyo ili kuisifu dhiki. Nasema kwamba kambi haikufa kwa umaskini peke yake, ilikufa baada ya kuvalishwa nguo isiyo yake. Kidogo kidogo tuliigeuza tamasha, na tamasha lina gharama za tamasha. Fedha zilipopungua, badala ya kuivua ile nguo tukamzika aliyeivaa.

Na hapa ndipo ninapowashangaa watu wa Masasi na Newala kuliko watu wengine wowote, kwa sababu sisi tuna ujuzi wa jambo hili katika desturi zetu wenyewe. Jando na unyago ni nini, kama si mkutano wa wanafunzi? Watoto wanatolewa nyumbani, wanawekwa likumbini, wanafundishwa na wakubwa wasio wazazi wao, wanarudi wakiwa na majina mapya. Ni gharama kubwa: nafaka, kuku, nguo, malipo ya ngariba na kungwi, ngoma za kuwatoa wali. Na kila mzee wa huku anajua kinachofanyika mwaka wa njaa. Jando linasogezwa. Mvua ikikosekana, wakubwa wanasema watoto wasubiri mavuno, na mwaka unaofuata wanaingia wengi zaidi kwa pamoja. Sijapata kusikia mzee wa Kimakonde, wala Mmakua, wala Myao, akisema kwamba kwa kuwa ghala ni tupu basi tangu leo watoto hawatafundwa. Angeonekana amepotewa na akili.

Kanisa letu linajua hivyo pia, tena kwa namna ya pekee. Padri Vincent Lucas, aliyekuja Masasi mwaka 1909 na kuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, anakumbukwa mahali pengi duniani kwa jambo moja, nalo ni jando la Kikristo. Hakulianzisha peke yake kutoka kichwani mwake. Mapadri na walimu Waafrika walikuwa wamelibeba swali hilo kabla yake, maana ni watoto wao na wa jamaa zao waliokuwa wakitoweka shuleni na kanisani kila kiangazi. Miongoni mwa mapadri wa kizazi hicho alikuwa Kolumba Msigala, ambaye ametuachia kumbukumbu zake kwa maandishi. Wakaamua kwamba badala ya kulikataza jando, Kanisa litaingia likumbini pamoja na watoto. Msalaba ukasimamishwa pale, sala zikasaliwa asubuhi na jioni, walimu Wakristo wakakaa na wali mpaka vidonda vikapona. Mwaka 1928 Lucas aliandika makala kulieleza Kanisa la Uingereza kwa nini alifanya hivyo, na mwaka 1972 mwanahistoria Terence Ranger akalichambua jambo lile lote, akionyesha palipofaulu na palipokwama. Upande wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kuliko wa wavulana. Mambo ya akina mama hayakukubali kupangwa na mapadri, na huenda hayakupaswa.

Wapo Wakristo leo wanaoona kwamba Lucas alikosea, kwamba alichanganya maji na mafuta. Ni mjadala wa haki, na mimi sikubaliani na kila alichofanya. Lakini wanaomkosoa na wanaomsifu wote wanasahau jambo la fedha. Jando lile halikusimama juu ya hazina ya misheni. Chakula cha wali kilitoka katika nyumba zao, kama kilivyotoka siku zote. Kanisa lilichangia lile lililokuwa nalo, yaani watu wa kufundisha na sala.

Tena historia yetu haikuanza na wingi wa mali hata kidogo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta kutoka Zanzibar watu waliookolewa utumwani, na kijiji cha kwanza cha Wakristo kikaota Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara, kama Wangoni walivyoitwa huku, wakakivamia, wakaua na kuchukua mateka. Chauncy Maples na watu wake wakahamia Newala, katika nchi ya Matola, wakaanza upya. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaichoma misheni ya Masasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Waingereza walifungwa na Wajerumani, na mapadri Waafrika wakabaki na Kanisa bila mshahara wa uhakika, katika nchi iliyokuwa ikisombwa wapagazi na chakula. Baada ya kila moja ya miaka hiyo watoto walikusanywa tena. Ingekuwa halmashauri yetu ndiyo iliyokaa mwaka 1883, naogopa kufikiri kungeandikwa nini katika daftari.

Nirudi kwenye kambi. Kwa jinsi wazee walivyotusimulia, ilipata uzito baada ya shule kuondoka mikononi mwa Kanisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyofungua njia ya shule za misheni kuwa za serikali, na huku kwetu Chidya, iliyokuwa fahari ya Dayosisi, ikawa shule ya umma kama nyingine. Siulaumu uamuzi ule. Watoto wa Kiislamu wa vijiji vyetu walikuwa na haki ileile ya kusoma, na nchi changa haikuweza kuwa na elimu ya kugawanywa kwa dini. Lakini tangu hapo padri hakukutana tena na mwanafunzi kila siku. Alibaki na kipindi cha dini, mara moja au mbili kwa wiki, pale mwalimu mkuu alipokuwa na moyo. Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, UKWATA, umefanya kazi kubwa mashuleni chini ya Jumuiya ya Kikristo, na matawi yake bado yapo. Hata hivyo tawi la shule ni la shule. Kambi ilikuwa mahali ambapo mtoto wa mtaa huu alionana na mtoto wa mtaa ule, na wote wawili wakaonana na mtu mzima ambaye si mwalimu wa kuwapa alama wala mzazi wa kuwachapa.

Jioni ya maswali ilikuwa na sanduku la karatasi. Uliandika swali bila jina. Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa waliolifungua. Nakumbuka swali la mtoto mmoja, sijui wa kike au wa kiume, aliyetaka kujua kama Mungu atakuwa bado na kazi naye akipata sifuri kidato cha nne. Lingine liliuliza kama ni dhambi kukataa kuchezwa unyago mara ya pili kwa kuwa bibi anataka. Lingine lilisema tu, mjomba wangu ananisumbua usiku, nifanye nini. Swali hilo la mwisho halikusomwa kwa sauti. Akina mama wawili walilichukua, wakakaa na wasichana kwa makundi madogo mpaka mwenye swali akajitokeza, na kabla ya kambi kufungwa binti yule alikuwa amepata mahali pengine pa kuishi. Katika taarifa ya fedha ya mwaka ule jambo hilo halina mstari. Najiuliza swali kama lile sasa linapelekwa wapi kila Juni.

Wenzangu waliotetea uamuzi walisema, na kwa haki, kwamba Kanisa haliwezi kukopa ili kulisha watoto wa wenyewe, na kwamba mtu akiumia kambini lawama ni ya padri. Mmoja alisema imani si mikusanyiko, mtoto anaweza kumjua Kristo nyumbani kwake. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyonikaa kooni, maana inasikika kuwa ya kiroho.

Tuifikirie kwa Injili ya Luka sura ya pili. Yusufu na Mariamu walikuwa watu maskini. Tunalijua hilo kwa sababu walipomtoa mtoto hekaluni, sadaka waliyoitoa ni ya ndege wawili, ile ambayo Torati iliwaruhusu wasioweza kununua mwanakondoo. Lakini Luka huyohuyo anatuambia kwamba kila mwaka walikwenda Yerusalemu kwa Pasaka. Kutoka Nazareti ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, kwenda na kurudi, kazi ya useremala ikiwa imesimama. Waliwezaje? Habari yenyewe inatujibu bila kukusudia: walisafiri katika msafara wa jamaa na marafiki, wengi kiasi kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza kukosekana siku nzima na wazazi wakadhani yuko na wengine. Waliogawana njia waligawana pia chakula chake. Na huko walikokwenda, mtoto alionekana ameketi kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Nyumba ya Nazareti ilikuwa nyumba ya imani kuliko nyumba yoyote duniani, hata hivyo Mariamu na Yusufu hawakusema inatosha.

Sisi tulifanya nini na msafara? Tuliuvunja, taratibu, bila kukusudia ubaya. Zamani kila nyumba ilileta debe. Kisha misaada kutoka nje ikaja, tukaambiwa madebe hayahitajiki, kilichohitajika ni orodha ya majina. Misaada ikapungua, hazina ya Kanisa ikashika nafasi yake, na madebe hatukuyaita tena. Mzazi akawa mtu wa kusaini fomu. Kwa hiyo hazina ilipokauka halmashauri ilitazama kushoto na kulia ikaona haina mtu wa kumwuliza, kumbe nje ya mlango walikuwepo wazazi wale wale ambao kwa unyago wa binti mmoja hukusanya michango ya ukoo mzima, wakakodi ngoma, wakashonesha vitenge vya sare. Nimewasikia mapadri wakiwakemea kwa matumizi hayo, na katika miaka ya bei nzuri matumizi yenyewe hupita kiasi, mabibo yamegeuzwa uraka na wanaume hawaonekani wiki nzima. Lakini mtu anachangia mahali anapojiona ni mwenyewe. Likumbini ni mwenyewe. Kambini tulimfanya mgeni, tena hata mgeni rasmi hakuwa.

Hilo ndilo kosa ninalolishtaki, kuliko lile la kuifuta kambi. Hatukuwauliza. Kikao kilikuwa na watu kumi na wachache, wengi wetu watoto wetu wamekwisha maliza shule. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeitwa kusema lolote. Tangazo lilisomwa Jumapili baada ya ndoa zilizotangazwa, na kijana mmoja wa kidato cha tatu akanifuata nje akaniuliza, kwa adabu sana, "Shikamoo babu, kwani tungekuja na chakula chetu?" Nikamjibu kwamba si suala la chakula tu, mambo ni mengi, ataelewa akikua. Jibu la ovyo kabisa. Alikuwa ameelewa kuliko mimi.

Sina hakika kwamba kambi ikirudi itakuwa ile. Watoto wamebadilika, likizo zimejaa masomo ya ziada ya kulipia, na wazazi wana hofu ya kuwalaza mabinti mbali na nyumbani, hofu isiyopaswa kudharauliwa. Pengine ziwe siku tatu badala ya tano. Pengine isiwe ya uwanda mzima bali ya mitaa miwili inayoweza kutembeleana kwa miguu. Pengine mgeni rasmi apumzike nyumbani kwake. Haya yote yangeweza kusemwa katika kikao kile, na lolote kati ya hayo lingekuwa ni kusogeza, kama wakubwa wetu walivyosogeza, si kufuta.

Vyombo vya kambi bado tunavyo. Zile sufuria kubwa tatu zilizonunuliwa kwa michango ya wazazi miaka mingi iliyopita ziko stoo ya kanisa, nasi tunazikodisha. Mwezi uliopita mzee wa kanisa aliniomba nimsaidie kupitia daftari la stoo kabla ya mkaguzi kuja. Mwezi wa sita una mistari mingi kuliko miezi mingine, na karibu yote inafanana: sufuria tatu, siku nne, shughuli ya unyago, zimelipiwa, zimerudi zimeoshwa.